Maji ya Brashi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, goti limetulia, na miwani bado inashikiliwa na ule uzi. Huku sisi ni wazima. Wajukuu zako wanakula kama wanashindana, na yule mkubwa amenipita urefu, siku hizi anajiona baba mwenye nyumba. Najua anayekusomea ni mdogo wangu, basi mwambie asome polepole na asiruke mistari kama kawaida yake, maana leo nina habari za kujivunia.

Mama, mwanao amekuwa mkaguzi. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita, hakuna fundi anayekanyaga jukwaa la mabomba la kupandia kwenye jengo letu la ghorofa nne kabla mimi sijalizunguka, nikagonga kila kiungo cha mabomba kwa spana na kusema sawa. Wanaume wenye miaka ishirini kazini wanasimama chini, mikono mifukoni, wakinisubiri mimi, mjane niliyeshika brashi ya marehemu mume wangu bila kujua rangi ya maji na ya mafuta zinatofautiana wapi. Nikisema sijivuni nitakuwa nakudanganya.

Unakumbuka ulivyoniapisha nilipoichukua kazi ile, kwamba nisipande juu hata siku moja kabla sijainamisha kichwa na kujikabidhi kwa Mungu. Nimeinamisha, Mama, kila asubuhi, kwenye mguu wa jukwaa ulio pembeni. Wenzangu wakanibandika jina la Nabii. Fundi wa madirisha, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa akiniuliza kila siku kama nimeambiwa mvua itanyesha saa ngapi. Hata hivyo walikuwa wakinisubiri nimalize ndipo wapande.

Jumatatu ya wiki hiyo iliyopita nilichelewa kuinua kichwa, wakachoka kusubiri, wakaanza kupanda. Nilipofumbua macho nikaona ubao ulio chini ya ule mguu umezama upande mmoja, na bomba limeanza kuinama. Juu yangu walikuwa watu sita. Nikapiga kelele washuke. Wakacheka. Fundi wa madirisha, aliyekuwa wa mwisho, akataka kujua Nabii ameota nini leo. Nikamshika suruali nikamvuta, akashuka akinung'unika, na wengine wakashuka ili wapate kunicheka vizuri.

Msimamizi akaja amefura. Akasema wenye jengo wanakuja Ijumaa kuliona, hana muda wa ndoto za mtu, na kama naogopa urefu niende nyumbani nisirudi. Niliwaza viatu vya shule, niliwaza kodi ya chumba. Lakini nikasimama kwenye kipandio cha kwanza nikamwambia atakayepanda atanikanyaga mimi kwanza. Akainama ili anionyeshe upumbavu wangu, akautazama ule ubao. Kisha akaamuru kila mtu akae mbali. Kabla ya saa ya chai mguu ule ulizama wote, na jukwaa zima likaanguka na mbao zake na ndoo zake. Hakuna aliyepata hata mchubuko. Fundi wa madirisha alikaa vumbini akaomba maji ya kunywa.

Msimamizi akavua kofia, akaniomba nimshukuru Mungu kwa niaba ya wote. Sikuweza kufungua mdomo. Wakadhani ni machozi.

Sasa Mama, mwambie mdogo wangu akupe karatasi aende akaweke chai jikoni. Hapa soma mwenyewe.

Mwaka mzima sikuwa nikiomba. Tangu tulipomzika baba watoto nilikuwa nimemkasirikia Mungu, na sikutaka kumwambia neno. Nilikuwa nainamisha kichwa, nahesabu hadi ishirini, nainua. Nilijidanganya kwamba ahadi yako nimeitimiza. Na kuna jingine. Maji ya kuoshea brashi yanatakiwa kumwagwa kwenye shimo lililo nyuma ya jengo. Mimi jioni nilikuwa nimechoka, nikawa nayamwaga hapo hapo kwenye ule mguu wa pembeni, wiki baada ya wiki, nikijiambia maji hayana kosa.

Jumatatu ile mtoto wangu wa mwisho aliamka na homa, nikamwacha kwa jirani, na sikuwa na mtu wa kumlilia. Nilipoinama, kabla ya kufika ishirini, maneno yakanitoka yenyewe. Nilimwambia Mungu nimechoka, anishike. Ndiyo maana nilichelewa. Nikafumbua macho, nikaona tope limekuwa la buluu, buluu ya milango ninayoipaka, na ubao umezama ndani yake. Nilijua palepale lile tope ni la nani. Siku zote nilizoea kufikiri Mungu analinda watu dhidi ya maadui. Siku ile aliwalinda watu sita dhidi ya ndoo yangu, akanilinda na mimi nisiwe niliyewaua.

Kesho yake nikawakalisha wote kabla ya kazi nikawaeleza, ya maji na ya kuhesabu ishirini. Nilishafungasha brashi zangu tayari. Msimamizi akasema katika miaka yake yote hajawahi kuona mtu akimletea kosa lake kwa miguu yake, na kwamba mtu kama huyo ndiye atakayemwamini akisema jukwaa ni salama. Akanipa spana. Fundi wa madirisha akaninyang'anya unabii, akanipa jina jipya. Asubuhi hizi nikiinama, nao wanainama, wananilalamikia nachelewesha kazi. Nawaambia wavumilie, nina viporo vya mwaka mzima.

Mama, nilisimama kwenye kipandio nikiogopa, na nilisimama mbele ya wenzangu nikiogopa zaidi. Najivunia mara zote mbili, na ile ya pili najua ndiyo utakayojivunia wewe.

Mwite sasa mdogo wangu, mpe asome yote, hata hapa. Mafundi wote wanajua, yeye ni nani wa kufichwa? Nisalimie Baba na jirani wa mlango wa pili. Homa ya mtoto imekwisha. Endelea kutuombea, sasa tunaomba wawili.

Ni mimi mwanao,
Mama Ndoo