Kocha Anayevua Samaki Wetu

Mabwawani, nje kidogo ya Wexler, Mississippi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako mdogo wangu Royce,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji yangu Lorene na watoto, na lile goti lako liwe limepumua katika baridi hii. Huku sisi tu wazima, ukiondoa kichwa changu, ambacho kinaniuma tangu mwaka jana na sababu yake utaisoma hapa chini. Shemeji yako Nadine anakusalimu sana. Amekaa hapa mezani anamenya kokwa za pekani za keki, na ameniambia niandike yote nisiruke kitu, la sivyo ataandika yeye. Ningekupigia simu, lakini nakujua toka utotoni, ungenikatia kabla sijafika katikati. Karatasi haikatiki.

Habari yenyewe ni ya Kocha Gentry Lomax. Wewe unamjua kwa runinga. Mimi namjua mpaka soksi anazoanika, kwa sababu ni jirani yangu.

Unakumbuka mwaka jana, siku wahitimu wa zamani wanaporudi chuoni, timu ya mpira ya chuo chetu ilivyofungwa nyumbani na kile chuo kidogo ambacho hata basi lao lilikuwa la kukodi. Ulinitumia picha ya mtu anacheka mpaka analia. Ahsante. Jioni ile Tate Hollingsworth, yule mwenye machimbo ya kokoto, mkuu wa wafadhili wa timu yetu, alituita kwake kula nyama ya nguruwe. Tulipokwisha kushiba akapanda juu ya sanduku la barafu, akasema Lomax lazima aende. Tatizo ni mkataba. Ulikuwa umebakiza miaka minne, na chuo kikimfukuza ni lazima kiendelee kumlipa mpaka uishe, afanye kazi asifanye. Chuo hakina fedha hizo. Basi, akauliza Tate, nani mwanamume wa kweli hapa, nani atachangia tumlipe sisi, nani anaipenda timu kwa vitendo na si kwa mdomo? Mikono ikaanza kupanda. Na wangu ukapanda, Royce. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimevaa kofia ya timu, na wenzangu wote walikuwa wananitazama.

Hasira hasara. Mama alitwambia hivyo mara ngapi?

Fedha yenyewe sikuwa nayo. Nilikwenda benki nikaweka rehani mabwawa. Ndiyo, mabwawa ya baba. Yako na yangu pia, maana hati ni moja, na ulipohamia Louisiana uliniachia mamlaka ya kukutilia sahihi. Usiitupe barua. Soma mpaka mwisho.

Lomax akafukuzwa, tukapiga honi mji mzima. Sasa, wewe unajua desturi. Kocha akifukuzwa, lori la kuhamisha linaonekana uani kwake kabla mkewe hajamaliza kulia. Sisi tulilisubiri hilo lori. Wiki ya kwanza hakuna, wiki ya pili hakuna. Halafu tukasikia mkewe ameshamwacha siku nyingi na yeye haendi popote. Amenunua nyumba ya marehemu Bi Opal, ile ambayo uwanja wake wa nyuma unateremka moja kwa moja mpaka kwenye bwawa letu la kwanza. Alikuja kubisha hodi, kofia mkononi, akamwuliza Nadine kwa adabu zote kama anaweza kutupa ndoano mara moja moja. Nadine akamwambia jirani ni ndugu, atupe tu.

Mara moja moja! Mtu yule alikuwa hapo kila siku ya Mungu. Hebu fikiria mwenyewe. Analipwa kwa fedha yangu ili asifanye kazi. Anakaa kwenye kiti cha turubai, anavua kambare wangu niliowanenepesha kwa chakula changu, anakwenda kuwakaanga, kisha ananiletea wawili kwenye sahani. Na mimi niseme ahsante! Nisiposema, Nadine ananikanyaga mguu chini ya meza. Watu wanakula kuku kwa mrija, huyu alikuwa anakula kambare kwa mrija, na mrija wenyewe umechomekwa mfukoni mwangu.

Na ubaya zaidi, huwezi kumchukia. Nimejaribu. Agosti, siku zile za joto kali, alfajiri hewa iliisha katika bwawa la pili na samaki wakapanda juu wanahema. Mimi nilikuwa nimelala. Lomax ndiye aliyewaona. Akaja kugonga dirisha na nguo zake za kulalia, anapiga kelele, "Harlan! Amka, mzee, samaki wako wanakufa na wewe unakoroma!" Tukaingiza trekta na ile pangaboi ya kuchapa maji, akaingia bwawani mpaka kiunoni, na bwawa likapona. Baadaye alikunywa kahawa yangu akasema timu yake ingekuwa inamsikia vile nilivyomsikia mimi asubuhi ile, asingefukuzwa. Nilicheka. Kisha nikakumbuka nani anamlipa, nikaliondoa birika.

Oktoba Tate akatuita tena, safari hii bila nyama. Alikuja na wakili, naye akatusomea kifungu ambacho hakuna aliyejali kukisoma siku ile ya sanduku la barafu. Lomax akipata kazi ya ukocha kwingine, mshahara wa huko unakatwa kwenye fedha tunayomlipa. Akipata kazi kubwa, sisi tunakuwa huru. Ungewaona wanaume wazima wanavyotazamana. Wale wale walioandika mabango ya kumtukana wakaanza kusema kumbe Lomax hakuwa mbaya kiasi hicho, alikosa bahati tu, na mwamuzi naye alikuwa kipofu. Tulikuwa tunamlipa kwa mafungu, na fungu la Januari ndilo lililokuwa linanikaba mimi. Hilo lingenishinda, na likinishinda mabwawa yanakwenda.

Nikamfuata pale kwenye kiti chake nikamwuliza, kijirani tu, kama anatafuta kazi. Akaniambia anatafuta kila asubuhi. Anatazama kulia, anatazama kushoto, haioni. Nikamwambia sekondari yetu inahitaji kocha. Alicheka mpaka ndoano ikamponyoka. Akasema mshahara wa sekondari ungenipunguzia mimi bei ya soda, na yeye ungempotezea mwaka mzima wa uvuvi, sasa hapo amemsaidia nani? Alikuwa anajua kwamba nimo kwenye wanaomlipa. Muda wote alikuwa anajua! Akanipa chambo nikae naye.

Ndipo mwezi uliopita kocha wa chuo chenu cha Bayard, huko Louisiana, alipofanya kile wanachofanya wote. Asubuhi kawaambia vijana wake machozi yakimlengalenga kwamba haendi popote. Saa ya chakula cha mchana alikuwa ndani ya ndege, na jioni yuko kwenye runinga amevaa kofia ya chuo kingine. Ulinipigia simu umekasirika hujui umshike nani. Nikakupa pole, na ilikuwa pole ya kweli.

Yaliyofuata unayajua, maana ulikuwa unanitumia ujumbe hata wakati wa mahubiri. Kwanza ile picha ya Lomax anatoka kanisani na tai ya kijani, rangi ya Bayard. Ukaniandikia, "Kaka, umeiona? Ishara hiyo!" Kisha yule mzee Clovis akapiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio, akasema ameona kwa macho yake ndege ya wakubwa wa Bayard imetua kwenye kiwanja chetu cha ndege. Watu wenu wakaanza kufuatilia ndege kwenye simu zao. Wengine walikuja mpaka huku na viti vyao, wakakaa kwenye uzio wa kiwanja kutwa nzima wanatazama mawingu, na kila ndege ikipita wanasimama. Lomax mwenyewe akija kuniuliza yule Clovis ni nani, nasema simjui.

Wakubwa wenu wakampigia Tate wapate neno lake. Tate, aliyemfukuza, akamvisha Lomax kilemba cha ukoka kikubwa mpaka sauti ikamkatika. Alisema Wexler tulikuwa na haraka, na kosa lile litatuumiza maisha yetu yote. Hilo la kutuumiza alikuwa mkweli.

Na wewe ukanipigia mimi. Ukasema, "Kaka, wewe unaishi naye, achana na magazeti, niambie yukoje." Nikakujibu kwamba ni mtu wa watu, anaamka mapema, mvumilivu, hakati tamaa hata siku ikiwa mbaya. Yote kweli tupu, Royce. Ila huo uvumilivu niliuona kwenye ndoano. Ukafurahi, ukasema hiyo inakutosha, na kesho yake ukaniambia nawe umeinua mkono, umo kwenye wale watakaochangia mshahara wake.

Hapa Nadine ameacha kumenya pekani. Ananitazama.

Basi. Ile tai ya kijani nilimnunulia mimi, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Picha aliipiga Nadine, na Nadine anasema niandike kwamba alijua vizuri sana anapiga ya nini. Mzee Clovis ni mimi, nimebana pua. Ndege ilikuwepo, hilo sikudanganya, ila ilikuwa ya yule muuzaji wa chakula cha samaki, amekuja kunidai. Na wale watu wenu kwenye uzio niliwauzia kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, kwa sababu walikuwa na njaa na mimi nilikuwa na benki. Nilimpigia debe yule mtu kuliko nilivyowahi kumpigia debe mgombea yeyote, na nilikupigia debe hilo hilo wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, ulipokuja kuniuliza ukweli.

Ametia sahihi Alhamisi, ulikuwepo ukumbini, nilikuona kwenye runinga unapiga makofi mstari wa pili. Ijumaa nilikwenda benki. Fungu la Januari halipo tena, na meneja amekubali samaki wa masika wamalize deni lililobaki. Mabwawa ya baba yamepona, Royce. Umeyaokoa wewe, kwa fedha yako, bila kujua, na ulikuwa unashangilia. Nimekaa na jambo hili siku mbili na sioni pa kuliweka. Nisamehe. Sisemi kwa sababu Nadine ananitazama, nasema kwa sababu naona aibu.

Lakini bado sijamaliza, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu leo nisingoje Krismasi. Jana nilikwenda kumsaidia Lomax kupakia. Nilidhani nitakuta lori. Nilikuta masanduku mawili ya nguo kwenye gari lake dogo, na ile tai juu yake. Nikamwuliza nyumba anamwuzia nani, maana kama ni bei nzuri hata sisi tungeangalia. Akanitazama kwa huruma kabisa. Akasema, "Niiuze ya nini, mzee? Wenzako wa Bayard wamenipa mkataba wa miaka sita. Mwaka wa tatu mambo yataharibika, yanaharibikaga tu, na kuna mtu atapanda juu ya sanduku la barafu. Mimi nitakuwa nimerudi hapa kabla kiti hakijaoza." Akampa Nadine funguo, akanipa mimi ndoano zake nimtunzie. Kisha akakumbuka kuniuliza kama ni kweli nina ndugu kule Bayard kati ya wanaochangia. Nikasema ninaye. Akasema nikusalimie, na kwamba siku hiyo ikifika atanipa sahani ya kambare nikuletee.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nakuomba kama kaka, ingawa leo sina uso wa kukuomba kitu. Siku mtakapofungwa na chuo chenye basi la kukodi, ukaitwa kula nyama kwa mtu, ukamsikia anauliza nani mwanamume wa kweli, kalia mikono yako. Ikalie yote miwili, hata wakikuita mwanamke.

Msalimie Lorene, uwabusu watoto, na umwambie yule mkubwa kwamba baba mkubwa wake anamwekea ile baiskeli. Njooni Krismasi kama bado mnatutaka. Keki ya pekani ipo, na samaki wapo. Kiti cha turubai nimekiacha pale pale kando ya maji, kwa sababu aliniomba.

Wako, mwenye deni kwako,
kaka yako,
Harlan Pruitt