Mikono Iliyokamua kwa Siri

Kijijini Kingi, Jumatano. Mvua imekatika lakini ukungu haujaondoka kilimani. Kifua kinanibana. Muuguzi aliyenipima juzi alinong'ona na mwanangu mlangoni. Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote. Nyuso za wale wawili nilizisoma bila shida.

Basi niandike ningali na pumzi.

Blogu hii alinifungulia mjukuu wangu, Espérance, ili niweke humu habari za zamani. Anasoma udaktari wa mifugo chuo kikuu. Sasa ni mwezi mzima hayuko chuoni. Yuko hapa nyumbani, na kioo cha chumbani amekigeuza kitazame ukuta.

Mwenye kosa ni mimi.

Likizo iliyopita baba yake aliumia mguu, ng'ombe wakakosa mtu wa kuwakamua. Espérance akavaa buti, akakamua. Kwetu wafugaji mwanamke huosha vyombo vya maziwa na kutikisa kibuyu mpaka siagi itoke, lakini kiwele hakigusi. Ni mwiko. Yeye akajipiga picha anacheka, meno yote nje, akaituma kwenye kundi la darasa lake kwenye simu.

Wanafunzi wenzake wakaichorea ndevu. "Papa Espérance, ngombe za mahari ziko tayari, unaowa nani?" aliandika mmoja. Mwingine akamfananisha na mchukuzi wa mkaa: "Muangalie ile mikono, njo ya kubeba makara!" Baadaye aliniambia hayo angeyavumilia.

Sauti yangu ndiyo iliyomshinda.

Picha ilipofika kwenye kundi la familia, nilirekodi odio, ujumbe wa sauti: "Mutoto mwanamuke anakamua ngombe? Nani ataowa huyu? Hata sura yake imeanza kuwa ya mwanaume." Wajomba zake walicheka, nami nikafurahi kwamba nimechekesha. Binamu yake anayesoma naye akaipeleka kwenye kundi la darasa. Masomo yalipofunguliwa waliicheza darasani, profesa akiwa hajaingia, tena na tena. Kama koko wake mwenyewe, bibi mzaa baba, amesema hivyo, nani angebisha?

Alirudi nyumbani na swali moja. "Koko, kweli niko na sura ya mwanaume?"

Nilimjibu, "Kula kwanza, mama."

Woga mtupu.

Sasa niseme. Vita vilipotutawanya miaka ya sitini, wanaume walikimbilia misitu ya Walikale. Nilibaki na watoto wanne na ng'ombe mmoja. Nilimkamua mimi. Kila alfajiri, kwa miezi, ndani ya zizi lililofungwa. Baba yake Espérance alikuwa mchanga na titi langu limekauka. Maziwa yale ndiyo yaliyomlea. Mume wangu aliporudi, nilimwambia mzee jirani ndiye aliyekuwa akitukamulia. Amekufa akiamini hivyo.

Kanisani waliniita mama wa heshima, nikaipenda sura hiyo kuliko ukweli. Kwa hiyo nilipoiona picha ya mjukuu wangu, si mwiko ulionichoma. Niliiona mikono yangu. Niliogopa mtu asije akauliza ameirithi kwa nani.

Leo asubuhi nimemwita pamoja na baba yake, nikawasimulia yote. Mwanangu alitazama chini. Espérance akauliza:

"Koko, na ukaniacha nichekwe?"

Akatoka. Nilidhani ameondoka kwa hasira, kumbe alikwenda zizini. Alirudi na kikombe cha maziwa, povu bado juu, akakiweka mbele yangu. Nimekinywa chote, mwanangu akiona.

Kisha nimerekodi odio nyingine, nikikohoa katikati, nikasema haya haya kwenye kundi lile lile la familia. Ni tangu saa sita. Wote wameisikiliza. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyejibu.

Mitihani inaanza Jumatatu. Espérance hajaniambia kama atakwenda, na kioo bado kinatazama ukuta.

Odio ya kwanza ilifika kwenye kundi la darasa kabla jua halijazama. Hii ya leo, yuko wa kuipeleka huko?