Kiungo Aliyeitwa Rivasi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimemkosea mwanao, na nimeona nilitangulize hilo kabla hujaitikia, maana ukishaitikia kwa moyo mweupe nitashindwa kuendelea. Mgongo unaendeleaje? Na yale mashuka ya hospitali, bado wanakufulisha peke yako? Sisi huku tunapumua. Wifi yako anakusalimu sana. Gereji ipo, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chini ya magari, lakini kazi haikosekani.

Mwanao ni mzima wa mwili. Ila klabu imemwambia msimu ujao haimhitaji. Nakumbuka aliposajiliwa ulilia kwenye simu, ukasema angalau mmoja katika ukoo huu hatazeeka na madoa mikononi. Ndiyo maana nimeogopa kukupigia, nikaona bora niandike.

Kocha anasema mtoto ana macho ya kuona uwanja mzima na miguu yake yote miwili inafanya kazi, lakini akipata mpira pale katikati anageuka na kumrudishia beki. Mbele kuna uwazi wa kupitisha lori, yeye anarudi nyuma. Hapenyezi, hapigi shuti. Mashabiki wamempa jina, wanamwita Rivasi. Mechi iliyopita mama mmoja muuza maji alimpigia kelele akimuuliza huko nyuma anafuata nini, au kipa ni mchumba wake? Jukwaa zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka, dada, ili watu wasijue ni wangu.

Siku alipoambiwa anaachwa alikuja gereji moja kwa moja na begi lake. Hakulia. Aliniuliza kosa lake ni lipi, maana msimu mzima hakuna kiungo aliyepoteza mipira michache kama yeye. Akavua viatu, akachukua brashi na beseni la dizeli, akaanza kusugua gia boksi ambayo hakuna aliyemtuma aisafishe. Hiyo ndiyo adhabu niliyomwekea msimu huu: kila mpira atakaoupoteza akienda mbele, asafishe kifaa kimoja kichafu. Wa kurudisha nyuma ulikuwa hauna adhabu. Siku hiyo hakuwa amepoteza hata mmoja, na bado alisugua mpaka kucha zikawa nyeusi.

Sasa nisikilize, usiikunje barua.

Mwanzo wa msimu kocha alileta gari lake breki zitazamwe. Akaniomba nimwambie mpwa wangu aache woga. Akipata mpira ageukie mbele, apenyeze, apige, hata akiharibu mara kumi hatamlaumu. Alinituma mimi kwa sababu mtoto ananisikiliza kuliko mtu yeyote. Halafu akasema akibadilika atampa namba kumi. Dada, namba kumi pale pale klabuni alikuwa anacheza mwanangu.

Nikamwambia kocha asiwe na shaka, ujumbe utafika. Jioni nikamwita mwanao, nikamwambia kocha amesema akipoteza mpira mbele mara moja tu, benchi linamsubiri. Aliponiuliza mbona uwanjani kocha anapayuka mbele, mbele, nikamwambia ile ni janja ya kuwahadaa wapinzani. Akaniamini. Tena alicheka, akasema kumbe mzee yule ni mjanja hivyo. Na kocha kila akiniuliza, namjibu mtoto ni mkaidi, amerithi kwa baba yake. Shemeji yangu yuko kaburini, hakuweza kunibishia.

Na faida yake nini? Mwanangu ameacha mpira mwezi uliopita. Anasema ulikuwa unamchosha, na aliyekuwa anautaka ni mimi. Nimebomoa kwako, na kwangu sijajenga.

Nimejaribu kumrekebisha. Juzi kwenye mazoezi ya mtaani nilimwambia leo aende mbele tu, asiogope chochote. Alipokea mpira, akainua kichwa, nikaona kabisa ameiona njia. Mguu ukarudi nyuma wenyewe. Halafu akanitazama pale pembeni, aone kama amefanya vizuri.

Wasalimie wenzako wa kufulia. Kama hutataka kunijibu, nitaelewa, wala sitamtuma mtu aje kukubembeleza.

Jumamosi hii ni mechi ya mwisho. Kabla hawajavaa jezi nitaingia chumba cha kubadilishia nguo, niseme alichonituma kocha na nilichofikisha mimi, mwanao akiwa amesimama hapo hapo na wenzake wote wanasikia. Kiungo mwingine ameshasaini, kwa hiyo hakuna kitakachobadilika. Lakini Jumamosi, kabla ya filimbi ya kwanza, mwanao atakuwa amejua kosa halikuwa lake.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi