Kinu cha Dispensari

S.L.P. 47,
Isiolo.
9 Septemba 1984

Mwanangu mpendwa Ephantus,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajukuu wangu, na kwamba utakubali kuifungua. Mimi sijambo kwa mwili. Niwie radhi kwa mwandiko.

Huku mvua imetunyima kabisa. Jirani yetu Mama Kaltuma amebakiwa na ngamia mmoja, na bado huniletea kikombe cha maziwa kila asubuhi. Ni yeye aliyenieleza kwamba mwanawe Dullo alikukuta soko la Gikomba ukiuza mitumba, na kwamba kazi ya kiwanda cha dawa uliiacha baada ya mazishi. Ulimwambia huwezi tena kushika kidonge. Mama Kaltuma akaniuliza, bila kucheka, mimi anayeniita Dakitari nitanyamaza mpaka lini.

Unakumbuka niliyoyasema kaburini mwaka jana. Mbele ya kanisa zima nilikunyooshea kidole, nikasema dawa yako ya Nairobi ndiyo iliyomuua mama yako. Ukaondoka kaburi halijafukiwa.

Samahani, sasa nieleze yaliyotangulia. Ulipotuma vile vidonge vya pumu, uliandika kwa furaha kwamba ganda lake mnalitengeneza kiwandani kwenu, na wewe ndiye unayelipima: halilegei kwa ukali wa asidi ya tumbo, hulegea likifika utumboni, likaachia dawa kidogo kidogo kwa saa kumi na mbili. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, kimezwe kizima. Neno "kizima" ukalipigia mistari miwili.

Mistari ile iliniudhi. Nilikuwa dresa, mhudumu wa dispensari ya misheni, miaka thelathini na mmoja, nikiwasagia watoto wa Isiolo dawa katika kinu kidogo cha kauri, kile nilichopewa nilipostaafu. Nilimlalamikia Mama Kaltuma kwamba mtoto niliyempangusa kamasi sasa ananifundisha dawa. Alicheka sana, akaniita Dakitari wa Kinu.

Ndipo vumbi likaja, wiki nzima. Mama yako alimeza kidonge, saa ikapita, kifua bado kinapiga filimbi. Nikasaga kimoja. Punde si punde alipumua, akanitania kwamba mzee wake bado ana mkono wa tiba. Ephantus, sijawahi kujivuna vile. Siku ya tatu vumbi lilizidi. Nikasaga vitatu pamoja. Dawa ya siku moja na nusu nilimpa kwa mkupuo mmoja. Moyo ulimwenda mbio hadi leso ikatikisika kifuani, kisha akashikwa na degedege. Gari la hospitali lilimkuta ameshatutoka.

Limebaki moja, na ndilo lililonizuia kuandika. Kabla ya kunywa, aliniuliza kama mtoto ameruhusu visagwe. Unajua hakusoma. Nilivaa miwani, nikaifunua barua yako, nikamsomea neno ambalo hukuliandika. Akasema basi, kama Ephantus amesema, nilete. Alikunywa yote kwa kukuamini wewe, si mimi.

Jumapili ijayo nitasimama mbele ya watu walewale na kuyasema haya. Sikuombi uje. Barua yako nimeirudisha humu ndani, uione mistari yako ilivyo. Ni mimi ambaye sikuifuata.

Mama Kaltuma anakusalimu kwa moyo. Wabusu watoto, ikiwa utapenda wajue busu hilo limetoka kwa nani.

Ni mimi, kwa aibu na heshima, mzazi wako,
Zakayo Muiruri