Sakafu ya Alumini Niliyoagiza Izibwe

Jumatano, Nkome, kwenye mwalo wa wavuvi. Mawingu tangu asubuhi, dagaa wangu bado wabichi kwenye chanja. Na moyo wangu haujatulia, hilo niliseme mapema.

Mtumbwi wetu ulikuwa na sakafu ya mbao iliyooza. Ukikanyaga huku, kule kunanyanyuka. Mbao zenyewe hazikupigiliwa, zililazwa tu juu ya mbavu za mtumbwi. Mimi nimekulia Mhunze, kule Kishapu, ambako maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya kwenye ndoo. Miaka yote ya ndoa nimeziona mbao zile zilizolegea nikajua ni uzembe wa mume wangu. Nikimwambia, anacheka. Baba Kulwa ni mtu wa kucheka.

Wiki iliyopita alikwenda kwao kumuuguza mama yake. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamleta fundi kutoka Geita mjini, fundi wa madirisha na milango ya alumini, kazi zake safi kabisa. Mtumbwi hajawahi kutengeneza. Mimi nami sijawahi. Tukaelewana vizuri sana.

Alipima, akakata shiti ya alumini, akailaza, akaikaza kwa skrubu. Mwishoni akabakiza upenyo karibu na injini, akaniuliza kama auache. Nikamwambia, "Ziba! Nimetaka sakafu, sijataka tundu." Akaziba kwa silikoni pande zote. Ilivyong'aa! Niliipiga picha nane.

Baba Kulwa alirudi jana. Aliutazama mtumbwi, akainama, akagonga sakafu kwa kidole. Akaniuliza swali moja tu.

"Mama Kulwa, maji nitayachotea wapi?"

Nikamjibu hayataingia, ndiyo maana ya kuziba. Akataka kueleza, nikanuna. Nikinuna mimi nyumba nzima inajua. Basi leo alfajiri, ili yaishe, akauchukua hivyo hivyo na mwenzake Masanja wakaenda kuvuta nyavu.

Kumbe mtumbwi wa mbao unavuja kila siku, kidogo kidogo, kwa chini. Kila mvuvi hapa analijua hilo. Mbao zile zilikuwa hazipigiliwi kwa makusudi, ili uinue popote uchote maji. Mimi nimeyajua haya leo.

Saa nne wakarudi, mtumbwi umedidimia, maji yamebakiza kiganja kuingia. Walikuwa wameiona sakafu kavu kabisa huku chombo kikizidi kuwa kizito, hadi kikakataa kugeuka. Ndipo Baba Kulwa akaing'oa ile shiti kwa panga na mikono, wakachota kiasi cha kuwafikisha. Alikuwa amefunga shati kwenye kiganja, na shati limelowa damu. Mayo wane, mama yangu! Nilikaa chini kwenye mchanga.

Watu wakajaa. Mtu mmoja akauliza ni mjinga gani huyo aliyeuziba mtumbwi kama tangi la maji.

Baba Kulwa akasema, "Ni mimi. Nilimwagiza fundi kwa simu."

Wakamcheka. Mvuvi wa miaka yote hii anachekwa hadi na wauza maandazi. Masanja hakucheka. Alisema yeye ana watoto, hapandi tena chombo cha mtu asiye na akili, akachukua koti lake akaondoka. Mimi nilikuwa palepale, kanga mdomoni.

Sasa ni saa tisa. Mume wangu amelala, kidonda wamemshona kwenye zahanati. Hajanilaumu hata kidogo. Angenigombeza ningepumua. Aliponiona nalia alisema tu kwamba shiti ni nzuri, fundi aikate vipande vitatu vya kuinuliwa, itafaa. Fundi nimeshampigia, anakuja kesho.

Sakafu itatengenezwa. Lakini nyavu zinataka watu wawili, na nani atapanda na mtu ambaye mwalo mzima unamwona mjinga? Kwa nini nilimwacha abebe peke yake? Aibu, basi. Mimi ndiye huwa nawacheka wengine.

Masanja yuko pale kwa mama ntilie, namsikia kutoka hapa anasimulia tena, na watu wanaangua kicheko. Nimeshavaa ndala. Nitawapa wakubwa shikamoo zao, halafu nitasema: mume wangu hakuwepo, niliyeagiza izibwe ni mimi. Aliniuliza maji atayachotea wapi, nikamnunia.