Doa Kwenye Picha ya Mamake Akoth

Alhamisi, Homa Bay, 1998. Joto limekaza, hakuna upepo.

Asubuhi Akoth alifika kutoka Mbita na negativu moja, filamu ya picha ya mamake, aliyoificha ndani ya Biblia. Mamake anazikwa Jumamosi. Hakuna picha nyingine ya marehemu, na hii ndiyo itakayobebwa mbele ya jeneza. Studio walimwambia filamu imeharibika, labda mtu wa kompyuta ajaribu. Mtu wa kompyuta ni mimi. Nikajigamba kwamba kufikia saa saba itakuwa tayari.

Skani ya kwanza ilitoa mstari mweupe ulioshuka usoni mote. Nikageuza filamu kichwa chini. Uso uligeuka, mstari ukabaki palepale. Basi kosa si la filamu. Nilipochunguza kioo cha skana nikakuta mdudu wa ziwani amekaukia ukingoni, pale skana inapopimia mwanga kabla ya kusoma. Nikampangusa, mstari ukaisha.

Yakabaki madoa meusi, pale utando wa filamu ulipobanduka kwa unyevu. Niliyaziba kwenye kompyuta moja baada ya jingine: shavuni, shingoni, kwenye leso, na moja kubwa mdomoni. Saa ilikuwa inanikimbiza. Nikahifadhi kazi juu ya skani yenyewe, nikajiona fundi.

Akoth aliinamia skrini.

"Ndugu, hii meno umetoa wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mamake aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kama wazee wetu wengi. Hata dani, nyanya yangu aliyenilea kule Rongo, ana pengo hilo hilo. Mjaluo mzima, nimeziba kinywa cha mama wa mtu nikidhani ni uchafu!

Naona aibu hata kuliandika.

Skani ya awali nilikuwa nimeifuta kwa kuhifadhi juu yake, kwa hiyo niliskani tena na kuanza upya. Safari hii nilimwomba Akoth akae kando yangu, na kabla ya kugusa doa lolote nilimuuliza: huu ni uchafu, au ni mama?

"Uchafu. Uchafu. Hiyo pia."

Nilipofika juu ya nyusi akanishika mkono.

"Hapo wacha. Alianguka na mtungi."

Tulipofika mdomoni sikuuliza. Akoth alikuwa analia, na mimi machozi yalinitoka pia. Saa kumi na moja aliondoka na mamake.

Dani ana picha moja tu, ya kitambulisho, mdomo umefungwa. Jumapili naenda Rongo na kamera. Kwa nini nimengoja mpaka leo?