Boliti Zako Zimefunguka, Baba

Baba,

Boliti zimefunguka. Zote nne. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama Mama anakula.

Sasa anakula. Miezi ile ya kwanza baada ya kukuzika nilikuwa namwekea sahani na kuiondoa vilevile. Mahindi uliyopanda tulivuna bila wewe, na yalikuwa mazuri, nami nikalia shambani kwa hasira kwamba yalikuwa mazuri. Baiskeli yako Mama aliifunika blanketi kwenye stoo, akakataza mtu yeyote kuigusa.

Shida ilianza jirani yetu wa bodaboda, yule aliyetupelekea maziwa kwenye kituo cha kuyauzia, alipohamia mjini. Maziwa yakawa yanaharibikia nyumbani. Kaka Wafula akapiga simu kutoka Kapsoya: ng'ombe auzwe. Mama hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Tangu lini Mama akamkubalia Wafula bila kelele? Ng'ombe huyo ndiye peke yake aliyekuwa bado anamtoa kitandani asubuhi. Niliona kwamba ng'ombe akiuzwa, Mama hatakuwa na sababu ya kuamka.

Nikasema maziwa nitapeleka mimi, kwa baiskeli yako. Lakini haikuwa na keria ya kubebea mzigo. Wewe na keria! "Hii ni ya kunipeleka kazini, si punda," ulisema miaka yote, na watu wa hapa kwetu Ziwa wakazoea kukuona ukipita kwenda kazi yako ya ulinzi na baiskeli tupu. Matundu manne ya kufungia keria yalikuwa pale nyuma, hukuyatumia hata siku moja. Ila kila mvua zilipokaribia ulikaa mlangoni, ukafungua boliti ulizozitia humo bure, ukazipangusa, ukazipaka mafuta ya kukamulia na kuzirudisha. Mafuta yale yale ya chuchu za ng'ombe! Kopo moja lilihudumia ng'ombe, nyuso zetu za kwenda kanisani, na baiskeli. Tulikucheka mpaka mbavu zikauma. Boliti zisizoshika kitu zapakwa mafuta za nini? Nawe ukajibu bila kuinua kichwa: "Maji yakiingia hapa, thredi hii inayoshika boliti italiwa na kutu. Halafu siku mkitaka kufunga kitu, mtafungia wapi?"

Siku hiyo ilifika, Baba.

Mama alikubali kwa sharti kwamba baiskeli isitoke nje ya boma kabla keria haijafungwa, kwa hiyo fundi wa sokoni akaja nyumbani. Alinionya kabla hajashika spana. Baiskeli nyingi anazoletewa matundu hayo yameoza, na ukilazimisha yanapasuka. Inabaki kuchomelea, na fremu yako ni nyembamba, moto ungeiharibu. Nilimsikiliza huku nikimwona akilini ng'ombe akipakiwa kwenye pickup.

Ya kwanza ilizunguka kama iliyofungwa jana. Ya pili na ya tatu, hivyo hivyo. Thredi ndani zilikuwa safi kabisa. Ya nne ikagoma. Mwaka huu hakuna aliyeipaka mafuta, na lile blanketi lilikuwa limenyonya unyevu wote wa stoo na kuukalisha juu yake. "Hii imekataa, Mama," fundi akasema. "Niki-force itakatika."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alilitazama blanketi, akaelewa. Sijui kama umewahi kumwona na uso ule. Kisha akaja akaketi kwenye nyasi, akamwambia fundi atie tone la oili na wangoje. "Mzee hakuwa anavuta hivyo. Alikuwa anarudisha kidogo kwanza." Akachukua spana mwenyewe. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo. Miaka yote tulipokuwa tunakucheka, yeye alikuwa anatazama mikono yako. Boliti ikalia, ikaachia.

Aliishika kiganjani akalia, kilio ambacho hakukilia hata kaburini kwako. Nami nikalia. Fundi, maskini, akajifanya anatafuta kitu kwenye begi lake.

Keria imefungwa, imeshika. Napeleka maziwa kila asubuhi. Wafula alikuja Jumapili akasema alijua tangu mwanzo jambo hili lingewezekana. Unamjua. Blanketi limefuliwa, Mama analala nalo.

Juzi nilirudi nikamkuta getini, amefunga leso kiunoni. "Nifundishe," akasema. "Siku ukiugua, nani atapeleka?" Nilidhani ni mzaha. Tumezunguka boma mpaka kuku wametuhama, mimi nimeshika tandiko, yeye akinifokea kwamba namtikisa. Leo jioni akapiga kelele, "Niachie!" Nikamwachia. Akaenda peke yake mpaka kwa ng'ombe, akashindwa kusimama, akamgonga ubavuni. Baba, alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Pumzika sasa, mzee wangu. Nakukosa sana. Nakuahidi kwamba kabla mvua hizi hazijaisha, Mama atapeleka maziwa yake mwenyewe.

Binti yako,
Nekesa